Nilimuvua Patron Viatu Mbele ya Préfet

Leo nimekula haya mpaka nikashiba.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa mwaka ya mwisho peke yenu, hapa mu groupe yetu, juu najua Gloire atawaambia tu, na Gloire akisimulia anaongezaga chumvi. Afazali musikie ku mimi mwenyewe. Kisha mufute hii ujumbe.

Munajua hali yetu. Tuko section électricité na masomo yetu, hii shule, haina atelier ya kujifunzia kazi. Voltmètre ya kwanza niliona katika maisha yangu ilikuwa ya chaki. Mwalimu aliichora ku tableau, akachora na sindano yake, akasema: "Hapa inasoma volts 220." Tukaandika: inasoma 220. (Ilisoma 220 wiki nzima, mpaka siku ile darasa ya pili walifuta tableau.)

Na munajua hadisi ya kaka yangu Olivier. Alimaliza électricité mbele yetu, na diplome yake safi. Akatembea mpaka Walikale kutafuta kazi kule kwenye migodi. Wakamuuliza: "Stage ulifanya wapi?" Maana yake, ile kazi ya kujifunza, ulijifunzia ku nani, ulishika mashini gani? Olivier hakushika hata moja. Akarudi hapa Mweso. Sasa analima maharagwe na Baba. Maharagwe iko muzuri, siitukane. Lakini maharagwe haina fil ya umeme.

Njo maana hii mambo ya usine ya unga ilikuwa kama mvua kwetu. Mwenye usine ni Papa Muhindo, ule mufanyabiashara wa Butembo, mwenye magari na magazin. Alijenga usine yake ku barabara ya Kashuga, inasaga muhogo na mahindi ya watu wote wa huku, na umeme yake anaitoa mwenyewe mu mutoni, na turbine. Papa Préfet, mukubwa wa masomo yetu, alienda kumuona mara tano. Ku mara ya tano, Papa Muhindo akasema: "Basi nipe watoto inne tuwaone. Wageni wakuje, wawaone ku kazi, na ile siku tutasaini convention, ile mapatano ya maandishi." Convention ile inasema: kila mwaka, wanafunzi wote wa mwisho watafanya stage mu usine. Wote. Kila mwaka.

Inne wa kwanza: wavulana wawili, Gloire, na mimi.

Jana asubuhi, mbele tuondoke, Papa Préfet alituita mu bureau.

"Watoto, muko inne, lakini muko masomo nzima. Mumoja akiharibu, mulango inafungwa kwa wote. Tunasikilizana?"

Vile alisema "mumoja," aliniangalia mimi. (Ao labda ni mimi nilijiona.)

Kisha akaongeza: "Na Asifiwe njo atasema neno ya aksanti mbele ya wageni."

Mimi! Mimi mwenye, ku catéchisme, wananiulizaga jina mara tatu juu hawasikie. Lakini muntu hawezi kataa Préfet. Nikaandika sentensi inne. Nikazishika kwa kichwa. Nilizisema mbele ya mbuzi yetu. Mbuzi aliondoka ku sentensi ya pili.

Basi. Jana ilikuwa siku ya kwanza, na ilienda muzuri. Chef d'atelier, mukubwa wa mafundi, Papa Safari, ni muntu mufupi, masikio yake imejaa unga, anaongea kama anagombana lakini hagombane. Alituonyesha kinu kikubwa, ile moulin yenyewe, na moteur yake. Alitufungulia coffret ya umeme. Nilishika voltmètre ya kweli kwa mukono yangu! Sindano ilitembea! Gloire alilia kidogo. (Anakataa. Alilia.) Kitu moja tu hatukuona, ni turbine, juu iko ng'ambo ya mutoni, na daraja yake ni miti miwili, na mvua ilikuwa imenyesha. Papa Safari akasema: "Kule kunateleza. Mutaenda siku ingine." Tukasema sawa.

Leo sasa.

Saa tatu hangari ilikuwa imefagiliwa. Meza na kitambaa, maua mu kopo, balbu mbili juu ya meza juu mule ndani ni giza kidogo hata muchana. Papa Muhindo alifika na costume nyeusi, cravate, viatu mupya ya kamba. Kila muntu mu usine anamuita Muzee. "Muzee, jambo." "Muzee, karibu." Hata sisi, ku siku ya pili tu, tulishaanza: Muzee, Muzee. Sijasikia muntu hata mumoja mule anasema jina yake.

Papa Safari akaniita pembeni, akanipa radio ile ya mukono, ya kubonyeza.

"Bahati iko kule chini ku turbine. Hakuna réseau ya simu, njo tunasemeshana na hii. Akisema kitu, unakuja kuniambia mbio. Unaweza?"

"Ndiyo, Papa."

"Ongea kwa nguvu, mutoto!"

(Ile ilikuwa kwa nguvu.)

Wageni wakaingia. Chef wa kijiji, wazazi, mama wale wanaleta muhogo, walimu wetu watatu, na Papa Préfet na convention yake mu chemise ya plastiki, ile ya kutia karatasi, ameishika kama mutoto mwenye kuzaliwa jana. Shida ilikuwa makelele. Moulin ilikuwa inasaga, hakuna muntu aliyesikia mwenzake. Papa Préfet akafungua kinywa, tukaona tu meno.

Papa Muhindo akainua mukono: "Safari! Simamisha moulin, tusikie hotuba."

Papa Safari akabonyeza. Moulin ikalia wuuuu, ikanyamaza. Kimya. Nikasikia ndege kwa mara ya kwanza mu ile usine. Kisha Papa Safari akatoka kuenda kutafuta mabanc ingine mu depot, juu wazazi walikuwa wamesimama.

Papa Préfet akaanza. "Wapendwa wageni waheshimiwa, kila muntu ku cheo yake…" Munamujua. Ile ya "kila muntu ku cheo yake" peke yake ni dakika tano.

Hapo njo radio ikalia mu mukono yangu.

"Allo, allo, atelier! Muzee, tension yake inapanda! Munasikia? Tension ya Muzee inapanda!"

Nilisimama pale kama muti.

Nieleze kitu moja. Kwetu nyumbani, tension haiko mambo ya fil. Kwetu tension ni koko, mama ya Mama. Koko iko na tension, ile ya damu. Tunaishi na ile neno: koko asile chumvi, tension, musimukasirishe koko, tension, kimbieni, tension ya koko imepanda. Ikifika kumi na nane, Mama hasubiri, tunamubeba hospitali. Tangu niko mudogo, nikisikia "tension inapanda," miguu yangu inaondoka mbele ya kichwa. (Interro, ile mutihani ya darasani, ya tension ya volts, mwalimu alinipa kumi na saba ku makumi mbili. Nasema tu. Mutaona mbele.)

Nikamuangalia Papa Muhindo pale ku meza. Jasho ilikuwa inamutoka ku paji. Costume ya sufu, mu hangari, na watu wote wale! Na goti yake chini ya meza ilikuwa inatetemeka, tiki tiki tiki.

Radio: "Iko mia mbili makumi inne! Anatetemeka mwili muzima!"

Mungu wangu! Bahati iko ng'ambo ya mutoni, ameona namna gani? Sikujiuliza. Naapa, ile swali haikufika. Nilikimbia mpaka ku mulango kumutafuta Papa Safari. Hayuko. Depot iko nyuma kabisa. Nikarudi. Nikabonyeza radio, nikasema, sauti kama ya panya: "Kaka Bahati, tufanye nini?"

"Mia mbili makumi sita! Mumu… krrr… muzigo! Mumu… krrr… muzigo haraka! Nashindwa ku vanne! Atapasuka, bana!"

Mia mbili makumi sita. Koko ku kumi na nane tunabeba.

Na "mumu-nini muzigo"? Sauti ilikatika. Nikafikiri, haraka haraka: mumupatie muzigo? Apana. Nani anamupatia muntu ya tension muzigo? Atakufa! Basi lazima alisema: mumupunguzie muzigo. Ndiyo! Vile tunafanyaga koko: tunamulegeza nguo, tunamutosha viatu, tunamulaza chini, miguu juu.

Nilijiona mwenye akili sana.

Hapo balbu mbili juu ya meza zilikuwa zimeanza kuwaka nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Niliziona! Mimi wa électricité, niliziona kwa macho yangu mawili, na nikasema mu roho: ni vizuri, tutamuona muzee muzuri.

Nikakimbia katikati ya wageni, radio juu, na ile sauti ambayo hakuna muntu alishawahi kusikia, hata mbuzi, ikatoka yote kwa mara moja:

"PAPA MUZEE! LALA CHINI! TENSION YAKO IKO MIA MBILI MAKUMI SITA!"

Hotuba ikakatika. Papa Muhindo akaniangalia. "Nani alinipima?"

"Bahati, Papa! Ku radio!"

"Bahati ananipimia wapi?"

"Sijue, Papa! Lala! Utapasuka!"

Sasa muelewe kitu. Ukimuambia muntu mukubwa, mwenye tumbo, mwenye costume, mbele ya watu makumi tano, kama atapasuka, hata kama iko muzima anaanza kujisikia vibaya. Nilimuona. Akashika kifua. Akasema pole pole: "Kweli tangu asubuhi nilikuwa nasikia kitu…"

Basi! Mama mumoja akapiga kelele "Yesu!" Watu wakamushika. Akalazwa ku magunia ya unga. Gloire, rafiki ya kweli, hakuniuliza hata swali moja, alienda moja kwa moja ku cravate. Mimi nikapiga magoti ku viatu. Kamba zilikuwa na fundo mara mbili, nikazifungua na meno. Ndiyo, na meno. Nikamutosha viatu vyote viwili. Soksi moja ilikuja nayo. Nikamutosha na mukaba, kumupunguzia muzigo. Nikamutosha saa. Nikamutosha kalamu ku mufuko, ile kalamu ya kusaini. Kila kitu ya kilo nilikuwa natosha.

"Hewa! Mumupatie hewa!" Papa Préfet analia, na iko anamupepea Papa Muhindo ku uso na karatasi kubwa. Karatasi gani? Convention. Alikuwa ameitosha mu chemise yake ya plastiki.

"Maji!" Gloire akasema.

Nikachukua ile ndoo ya kunawia mikono. Nilitaka kumulowesha tu ku paji, kama koko. Lakini ndoo ilikuwa nzito, na mimi nilikuwa na haraka. Ndoo ikaenda yote. Kichwa ya Papa Muhindo, costume, magunia mawili ya unga, na convention mu mukono ya Préfet.

Na ile dakika yenyewe: PAA! Balbu ya kwanza ikapasuka juu ya kichwa yetu. PAA! Ya pili. Wamama wakakimbia inje. Chef wa kijiji akaingia chini ya meza. (Sitamutaja zaidi. Ni chef.)

Papa Safari akaingia mbio na banc ku bega. Hakumuangalia Papa Muhindo hata kidogo. Akatupa banc chini, akaruka ku coffret, akabonyeza, na moulin ikaanza kulia tena, wuuuu, ikinguruma tupu bila muhogo ndani. Akachukua radio ku mukono yangu.

"Bahati! Nimemupatia muzigo! Muzee iko namna gani sasa?"

Na radio, safi kabisa, bila krrr hata moja: "Merci, chef! Muzee ametulia. Tension imerudi mia mbili makumi mbili."

Watu wote tukamuangalia Papa Muhindo pale chini. Maji inamutoka ku pua. Hajatulia hata kidogo.

Papa Safari sasa njo alimuona. "Eh! Muzee! Ulianguka?"

"Safari," Papa Muhindo akasema, iko bado amelala, "tension ya nani imerudi?"

"Ya Muzee."

"Mimi?"

"Apana, Muzee. Muzee ya chini. Alternateur, mashini ya kutoa umeme. Ile ya zamani, ya turbine." Akakohoa. "Ni vijana waliipa ile jina, juu inazeeka na inapenda kugomba. Mulisimamisha moulin, ikakosa muzigo, ikaanza kukimbia, tension ikapanda. Njo Bahati aliomba tuwashe kitu."

Muzigo. *Charge*. Ile somo! Moteur kubwa ikizimwa, charge inapungua, turbine inakimbia, tension inapanda! Nilijibu ile swali ku interro! Kumi na saba ku makumi mbili! Nilikuwa na kiatu ya patron mu mukono moja na saa yake mu ingine, na ile jibu ikanijia yote, na dessin yake.

Papa Muhindo akakaa. Akajipangusa uso. Unga na maji zilikuwa zimekuwa bugali ku nywele zake. Akaninyooshea kidole.

"Wewe, musichana. Unasoma section gani?"

Jamani. Ningejibu nini? Ningesema couture. Ningesema pédagogie. Hata vétérinaire ingenisaidia. Nikasema, chini chini, na sauti yangu ya siku zote:

"Électricité, Papa."

"Hatukusikia!" wazazi wa nyuma wakaita.

Na Gloire, ule ule rafiki, akawajibu kwa nguvu: "AMESEMA ÉLECTRICITÉ!"

Kisha mama mumoja wa muhogo akafanya "pfff." Kisha hangari nzima ikaanguka. Walicheka! Wazazi walijishikilia ku nguzo. Mwalimu wetu, yule yule wa voltmètre ya chaki, alikuwa anacheka na analia, sijue ni ipi ilikuwa ya kweli. Hata Papa Safari alicheka, unga ikimutoka ku masikio. Wawili tu hawakucheka. Mimi, na Papa Préfet. Yeye alikuwa anaangalia convention yake. Ilikuwa imeshikamana kama chapati, wino unatembea.

"Papa Muhindo," akasema, na sauti yake iliniumiza kuliko kicheko, "mutusamehe. Huyu mutoto nitamurudisha leo leo masomoni. Na kama mulango imefungwa, tutaelewa."

Hapo njo nilikosa pa kuweka macho. Musifikiri nilikuwa naona haya tu. Nilikuwa nawaona nyinyi. Nilimuona Olivier na maharagwe yake. Nikasema mu roho: Asifiwe, umefunga mulango ya watu wote, na meno yako.

Papa Muhindo akasimama, mguu moja na soksi, moja bila.

"Préfet, ngoja. Mimi hapa wananiita nani?"

"Muzee."

"Na ku radio walisema nani?"

"Muzee."

"Sasa mutoto alikosea wapi?" Akageuka. "Safari! Hawa wako hapa tangu jana. Hamukuwaonyesha turbine?"

"Kulikuwa kunateleza, Muzee."

"Na hamukuwaambia kama iko na jina?"

Papa Safari akaangalia viatu vyake. (Yeye alikuwa navyo.)

"Nikiwa kijana," Papa Muhindo akasema, sasa kwa watu wote, "baba yangu alinipeleka ku garage moja kule Butembo, nijifunze. Siku ya kwanza, patron iko chini ya gari, ananiita: 'Muhindo, niletee papillon, mbio!' Mimi najua papillon ni kipepeo, mwalimu alitufundisha. Nikaenda mu majani nyuma ya garage. Nilikimbiza kipepeo saa nzima. Nilikileta muzima, mu mikono miwili, sikukivunja hata bawa. Patron alikuwa anataka ile écrou, nati ya masikio mawili, ya kukaza na vidole. Walinicheka miaka inne. Miaka inne, wananiita Kipepeo!" Akacheka mwenyewe. "Lakini hakuna muntu siku ile aliyejiuliza: huyu mutoto, nani alimuambia majina ya vitu?"

Kisha akaniangalia, na haikuwa kwa ubaya. "Sauti ile uliyopiga, ulikuwa umeificha wapi?"

Nilimurudishia saa yake.

Akasema twende sote tukamuone Muzee. Kweli tulienda, yeye miguu tupu juu viatu vilikuwa vimejaa maji, tukipita ku ile daraja ya miti miwili, mumoja mumoja. Kaka Bahati alitoka ku nyumba ya turbine, mikono imejaa graisse ya mashini, akaona patron amelowa, Préfet nyuma, wazazi nyuma, akafikiri wanakuja kumufukuza. Akaanza kuomba musamaha mbele aulizwe. Papa Safari akamueleza. Alikaa chini ku jiwe kucheka. Lakini kisha, na hii sitaisahau, alikuja kwangu, akajipangusa mikono, akasema: "Dada, pole. Ni mimi sikusema vizuri. Kuja uione." Akanifundisha pale pale: hii vanne, ile ya kufungua na kufunga maji, inakwama, hii sindano, ikipita hapa, unaomba muzigo. Aliniacha nizungushe vanne mimi mwenyewe. Niliona sindano ya kweli inashuka kwa mukono yangu. Nitamushukuru Bahati mpaka siku nitazeeka.

Na Muzee? Ni ya kijani, imebabuka rangi, inatetemeka mwili muzima. Bahati hakudanganya.

Convention ilikuwa imeanikwa ku jua, ku mukeka moja na muhogo, mawe manne ku pembe, na mama mumoja anaifukuzia kuku. Vile tulirudi ilikuwa imekauka, imekunjamana, nyeupe ya unga nyuma. Papa Préfet akauliza kama tungoje tuchape ingine Goma. Papa Muhindo akasema apana, hii hii, inasomeka. Lakini akachukua kalamu mbele ya kusaini, akasema: "Préfet, kuko articles ngapi?"

"Munane."

"Andika ya kenda. Andika na mukono: Siku ya kwanza, kila stagiaire ataonyeshwa mashini yote, na ataambiwa jina yao ya kitabu na jina ile wafanyakazi wanaziita, mbele hajashika kitu yoyote."

Papa Préfet akaandika. Mukono yake haikuwa nzuri. Kisha Papa Muhindo akasaini, miguu tupu. Kila mwaka, wote. Imesainiwa! Nimeona kwa macho.

Na bado nilikuwa na neno yangu ya aksanti. Walinisimamisha. Nilifungua kinywa kutafuta zile sentensi inne. Hakuna hata moja. Niliangalia wale watu wote, unga ku kichwa ya patron, na nikasema: "Aksanti juu hamukunifukuza." Ile ilisikika mpaka nyuma. Wakapiga makofi, na hawakuwa wananicheka. Ao kidogo tu.

Wiki ijayo mumesikia, wengine kumi kati yenu munaanza. Mutasomewa ile Article ya kenda siku ya kwanza. Mutaona imeandikwa na mukono, na iko na alama ya maji. Tafazali, ikifika pale, musiulize ilitoka wapi. Inamisheni vichwa, museme merci, na mufunge kamba za viatu vyenu.